Maumivu ya Viungo na Majina Yake: Kutoka Baridi Yabisi hadi Chikungunya

Leo hatutaanza na dawa. Tutaanza na majina.

Tuseme ni asubuhi hapa Voi. Mtoto wako wa miaka saba anaamka, anataka kushuka kitandani, lakini goti halikunjuki. Analia. Mwili una moto. Jirani anachungulia mlangoni na kusema, "Ah, hiyo ni baridi tu. Mchue na mafuta, umfunike vizuri." Nyanya yake kule Wundanyi akipigiwa simu anasema vivyo hivyo. Muuzaji wa duka la dawa anasema ni malaria. Na mpangaji wa chumba cha tatu, aliyerudi juzi kutoka Mombasa, anasema hata yeye aliumwa hivyo, na ugonjwa wenyewe una jina linalotatiza ulimi.

Je, nani kati yao yuko sawa? Kila mmoja ametaja jina, na kila jina lina historia yake. Majina hayo waliyatoa watu kama wewe na mimi, walipokuwa wakijaribu kuelewa kwa nini mwili unauma. Mengine yalitusaidia. Mengine yametufanya tuchelewe kufika hospitalini. Ukiijua historia yake, utajua la kufanya asubuhi kama hiyo.

Jina la kwanza: baridi yabisi

Hili ndilo jina tunalolijua wote. Neno "yabisi" lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kavu. Kwa hiyo baridi yabisi ni baridi kavu. Kwa nini iwe kavu?

Zamani waganga wa Ugiriki, na baadaye Galen aliyeishi katika karne ya 2, walifundisha kwamba mwili unatawaliwa na hali nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Hali hizo zikilingana, mtu huwa mzima. Moja ikizidi, mtu huugua. Mafunzo hayo yaliingia katika tiba ya Waarabu na Waajemi. Ibn Sina, mganga mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliyaweka katika kitabu chake kikubwa cha tiba. Kisha yakavuka bahari pamoja na majahazi ya biashara mpaka pwani yetu. Ndiyo maana hadi leo utamsikia mtu akisema chakula hiki kina joto na kile kina baridi, hata kama vyote viwili vimetoka kwenye sufuria moja ikiwa motoni.

Tusiwacheke waliotuachia jina hilo. Walikuwa watu wenye kuangalia mambo kwa makini. Waliona kwamba mzee mwenye magoti mabovu hulalamika zaidi majira ya baridi. Nawe ukikaa Wundanyi au Mgange mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka milimani, unajua jinsi vidole vinavyokakamaa asubuhi.

Lakini kuhisi maumivu zaidi wakati wa baridi si sawa na baridi kuleta ugonjwa. Mtu anaweza kuugua viungo Taveta kwenye joto kali sawasawa na Wundanyi kwenye ukungu. Leo tunajua kwamba ndani ya jina hili kuna magonjwa kadhaa tofauti. Kuna kulika kwa gegedu, ule ute mgumu unaokinga ncha za mifupa ndani ya kiungo. Huu huwapata zaidi wenye umri mkubwa, wenye uzito mkubwa na waliofanya kazi za sulubu. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo. Huu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, huvimbisha viungo vidogo vya mikono yote miwili, na asubuhi mikono hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa. Na kuna jongo, ambayo hutokana na chembechembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Kila mmoja una matibabu yake. Anayeanza dawa mapema huokoa viungo vyake.

Basi tatizo la jina baridi yabisi ni kwamba ni kama blanketi kubwa. Linafunika wengi, na huwezi kujua nani amelala chini yake. Kwa mtu mzima, kukosea jina kunaweza kuleta miaka ya maumivu. Kwa mtoto, kunaweza kuleta kifo. Hebu tufunue blanketi hilo tuone watoto wanaofichwa humo.

Watoto waliofichwa chini ya blanketi

Mtoto wa kwanza ni yule mwenye homa ya baridi yabisi ya moyo. Ugonjwa huu huanzia kooni. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, huumwa koo kwa sababu ya bakteria. Koo linapona lenyewe na mama anasahau. Wiki mbili au tatu baadaye, goti linavimba na kuuma. Siku mbili tatu, goti linapoa na maumivu yanahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Mama anasema, "Baridi inatembea." Kinachotembea si baridi. Ni mwili uliokuwa ukipigana na bakteria wa koo na sasa unajipiga wenyewe. Viungo vitapona bila kuacha alama, lakini vali za moyo zinaweza kuharibika moja kwa moja. Miaka baadaye, msichana huyo anapopata mimba, moyo unashindwa kubeba kazi mbili.

Penisilini ilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940, na tangu hapo ugonjwa huu umekuwa wa kuzuilika. Mtoto mwenye koo la bakteria akipewa dawa kamili, hafiki huko. Na aliyekwisha kuugua mara moja hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili usirudi. Tazama basi: ugonjwa wa moyo unaweza kuzuiwa na mama aliyelichukulia koo la mtoto kwa uzito.

Mtoto wa pili ni mwenye selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Huyu anaweza kuanza mapema sana, akiwa na miezi sita hivi au zaidi, kwa kuvimba viganja na nyayo. Baadaye huja maumivu makali ya mifupa, mgongo na viungo, macho ya manjano, na kupungukiwa damu mara kwa mara. Zamani familia nyingi zilisema mtoto amerogwa, au wakamlaumu mama. Wapo waliochanjwa chale na kupigwa chuku mwili mzima.

Historia ya ugonjwa huu inatugusa sisi wenyewe. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia hapa Kenya, alikuja na msafara wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aligundua kwamba alama ya selimundu katika damu ilikuwa ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ilikuwa nadra sana katika nyanda za juu zenye baridi. Alijiuliza kwa nini. Mwaka 1954 alichapisha jibu: alama hiyo inapatikana zaidi penye malaria, kwa sababu mtu aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini mtoto akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, huugua. Wazazi wawili wenye alama hiyo wana uwezekano wa mmoja kati ya wanne, kila mimba, kupata mtoto mgonjwa.

Kwa hiyo, mama, si uchawi na si kosa lako. Ni urithi wa damu ulioachwa na malaria, na umetoka kwa wazazi wawili, si kwa mama peke yake. Kipimo cha damu kipo. Mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini ya kumkinga, dawa ya kuzuia malaria, na wengine hupewa haidroksiurea ya kupunguza maumivu. Wengi sasa wanakua na kuwa watu wazima.

Majina ya homa zinazovunja viungo

Sasa tumwangalie yule mpangaji aliyerudi kutoka Mombasa. Jina lake linalotatiza ulimi ni chikungunya, na historia yake ni ya Afrika Mashariki tupu.

Hadithi inaanzia Zanzibar. Mwaka 1823, na tena mwaka 1870, kisiwa hicho kilipatwa na homa iliyowaangusha watu kwa ghafla na kuwaacha na maumivu makali ya viungo. Waswahili waliiita kidinga pepo, kwani ilionekana kana kwamba pepo amemkamata mtu akamkaza mwili. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo wa pili, aliandika juu yake, na wazee wakamweleza kwamba waliwahi kuiona zamani. Wapo wataalamu wa lugha wanaoamini kwamba jina dengue, linalotumika duniani kote leo, lilitokana na neno hilo letu. Tanzania hadi leo huiita homa ya kidingapopo. Na wapo madaktari waliosoma maandishi ya Christie na kuona kwamba maumivu yale ya viungo yanafanana zaidi na chikungunya. Unaona jinsi ndugu hawa wawili wanavyofanana!

Twende sasa kusini mwa Tanganyika, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, mwaka 1952. Watu wa Newala na majirani zao walianza kuanguka kwa homa ya ghafla. Viungo viliuma kiasi kwamba mtu alijikunja na kushindwa kujinyoosha. Kwa Kimakonde waliuita ugonjwa huo chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, na mtafiti Lumsden kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe akachunguza jinsi ulivyoenea. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955.

Sikiliza sana jambo hili, mama. Uwanda ule hauna mito. Wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji, wakapanda nayo, na kuyahifadhi ndani ya nyumba kwenye vyungu. Lumsden alipochungulia ndani ya vyungu hivyo alikuta viluwiluwi vya mbu. Hawakuwa mbu wa malaria. Walikuwa mbu wa Aedes, weusi wenye madoa meupe miguuni, wanaouma mchana na wanaopenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Shida ya maji ndiyo iliyozaa shida ya viungo.

Mwaka 1959 jina jingine lilizaliwa kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliona homa inayolegeza na kuvunja viungo, wakaiita o'nyong'nyong. Ilisambaa Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingineko, na hadi ilipopoa mwaka 1962 ilikuwa imewapata watu wapatao milioni 2. Kirusi chake ni ndugu wa chikungunya, lakini huyu huenezwa na mbu wa Anopheles, wale wale wa malaria.

Angalia, mama. Homa tatu, na mara tatu wenyeji wameipa jina kwa kutazama viungo: kukazwa, kukunjwa, kuvunjwa. Kabla ya darubini na maabara, watu wa kawaida walikuwa wameshaona dalili kuu.

Lamu 2004, na barabara ya kuja kwetu

Kwa miaka mingi chikungunya haikusikika sana pwani ya Kenya. Kisha ikaja mwaka 2004. Mvua zilikuwa haba. Kisiwani Lamu watu waliweka maji majumbani na kuyatunza muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wakapata makao. Ugonjwa ulipolipuka, uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kama watu 75 kati ya kila 100 kisiwani waliambukizwa. Fikiria nyumba ya watu wanane, sita wamelala. Nani atachota maji? Nani atapika? Nani atambeba mtoto?

Kabla ya mwaka huo kwisha ugonjwa ulikuwa Mombasa. Mwaka 2005 ukafika Komoro, na kati ya 2005 na 2006 ukawapata watu wapatao 266,000 kisiwani Réunion, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote. Kutoka huko Bahari ya Hindi ikaupeleka India. Ni huko Réunion madaktari walikojifunza jambo linalokuhusu wewe mwenye mimba: mama akiwa na kirusi hiki katika damu siku za kujifungua, karibu nusu ya watoto huambukizwa, na mtoto mchanga anaweza kuugua vibaya, hata ubongoni.

Mombasa iliupata tena mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2018. Dengue nayo ilitambuliwa pwani ya Kenya mwaka 1982, na ikalipuka Mombasa mwaka 2013. Wala haiishii pwani. Watafiti waliopima wagonjwa wenye homa katika Taita Taveta mwaka 2016 waliikuta dengue katika damu ya baadhi yao.

Je, ilifikaje? Kwa njia zile zile tunazopita sisi. Mbu haruki kilomita 150 kutoka Mombasa hadi Voi. Anayesafiri ni mtu mwenye kirusi katika damu, awe kwenye lori, matatu au gari la moshi. Voi ni njia panda tangu reli ya kwanza ilipopita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Abiria anashuka na homa yake, mbu wa hapa anamwuma, na baada ya siku chache mbu huyo anawauma watoto wako.

Na mbu huyo anaishi wapi? Maji ya chemchemi za Mzima hupita kwetu kwa bomba kubwa kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, lakini wengi wetu tunajua mfereji unaokauka siku nyingi. Basi tunaweka maji kwenye madramu, mitungi na matangi. Hatuna makosa. Mama wa Newala hakuwa na makosa, wala mama wa Lamu. Lakini dramu lisilofunikwa ni kile kile chungu cha Wamakonde.

Maziwa mabichi na homa inayorudi

Katika ranchi na maboma yetu kuna homa nyingine ya viungo isiyotokana na mbu. Mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce aligundua kisiwani Malta bakteria waliosababisha homa ya askari, na kutokana na jina lake ugonjwa ukaitwa brusela. Mwaka 1905 Themistocles Zammit wa huko huko Malta aligundua kwamba bakteria hao walitoka katika maziwa ya mbuzi. Askari waliposimamishwa kunywa maziwa hayo mabichi, ugonjwa ulipungua sana.

Homa ya brusela huja na kuondoka, mtu hutoka jasho usiku, na mgongo na viungo humwuma kwa wiki nyingi. Kwa kuwa inakuja na kuondoka, wengi hutibiwa malaria mara nne tano bila kupona. Chemsha maziwa mpaka yapande. Na anayezalisha mbuzi au ng'ombe asishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu.

Mzigo ulio mgongoni

Tusisahau sababu ya kawaida kuliko zote: kazi. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Mombasa ilipita nchi hii kwenda Taveta na bara. Kila mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika mwaka 1914, Taveta ilitekwa na Wajerumani, na nchi yetu kati ya Voi, Maktau na Salaita ikawa uwanja wa vita. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi mno hawakurudi, zaidi kwa maradhi na uchovu. Jina la kikosi chao, Kariakoo, limebaki Nairobi na Dar es Salaam. Historia inawakumbuka wapagazi hao, na ni haki.

Lakini je, umewahi kupima mzigo wako wewe? Mtungi wa lita 20 uliojaa una uzito wa kilo 20 za maji, bila mtungi wenyewe. Ni theluthi mbili ya mzigo wa mpagazi. Nawe unaubeba mara mbili au tatu kwa siku, pengine una mtoto kifuani, pengine una mimba. Kisha ongeza kuni, jembe, au siku nzima katika shamba la mkonge. Mgongo na mabega yako yanauma kwa sababu yamefanya kazi ya msafara, ila hakuna aliyeiandika.

Maumivu ya aina hii hayaji na homa. Huongezeka ukifanya kazi na kupungua ukipumzika. Chuchumaa kwa magoti unapoinua mtungi, usiiname kwa mgongo. Gawanya maji katika mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono. Mwenye mimba na aliyejifungua karibuni asibebe mzigo mzito. Na baba au kijana mwenye baiskeli au mkokoteni akumbushwe kwamba maji ni ya nyumba nzima.

Basi asubuhi ile ufanye nini?

Turudi kwa mtoto wetu aliyeamka akilia. Sasa unajua kwamba jirani, nyanya, muuza dawa na mpangaji wote wanaweza kuwa sawa au kukosea. Usigombane nao. Fanya hivi.

Kwanza, mtazame kiungo. Ikiwa ni kiungo kimoja, kimevimba, kina moto, mtoto ana homa na hataki kukiguswa, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha ndani, na kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache. Usikichue wala usichanje.

Pili, homa yoyote ipimwe malaria kabla ya kunywa dawa. Taveta na nyanda za chini malaria bado ipo. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usinunue dawa ya malaria "kwa usalama." Uliza, "Sasa ni nini basi?" Swali hilo ni haki yako.

Tatu, homa ikija pamoja na maumivu makali ya viungo, mpe mtoto maji mengi, na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama muuguzi alivyoelekeza. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengue iondolewe shaka, maana dawa hizo zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Mwambie daktari kama kuna mtu nyumbani aliyetoka safari au anayeumwa hivyo hivyo.

Nne, mkimbize hospitalini akitokwa damu puani au kwenye fizi, akitapika bila kukoma, akiwa na maumivu makali ya tumbo, akilegea au kusinzia kupita kiasi, akipumua kwa shida, au akipata degedege. Na mtoto mchanga mwenye homa asisubiri hata usiku mmoja.

Tano, mweleze daktari historia. Je, aliumwa koo wiki chache zilizopita? Je, maumivu yanahama? Je, aliwahi kuvimba mikono na miguu akiwa mdogo? Je, katika ukoo kuna mwenye selimundu? Je, mnakunywa maziwa mabichi? Maneno yako hayo ni sawa na kipimo.

Tena usiogope kila maumivu. Watoto wengi huumwa miguu yote miwili jioni baada ya kucheza, na asubuhi wanakimbia kama kawaida. Hakuna uvimbe, hakuna homa, hakuna kuchechemea. Hao wachue tu, walale.

Na nyumbani, chagua siku moja ya wiki, iwe Jumamosi. Mwaga maji yaliyobaki kidogo, sugua kuta za dramu kwa brashi mpaka chini, kwa sababu mayai ya mbu hushika ukutani hata maji yakikauka. Funika kwa kifuniko au kitambaa kilichokazwa. Ondoa tairi, makopo na vifuu vya nazi vinavyoshika maji. Mtoto anayelala mchana alale ndani ya neti, maana mbu huyu hangoji usiku. Mgonjwa mwenye homa naye alale ndani ya neti wiki ya kwanza, asiwape mbu kirusi cha kuwagawia wengine.

Kumbuka, mama: waliotangulia walitupa majina kwa kutazama walichokiona. Wewe una macho yale yale, na sasa una vipimo na dawa ambavyo wao hawakuwa navyo. Mtu akikuambia "ni baridi tu," mshukuru, kisha umfunike mtoto na shuka jepesi, umbebe uende naye kituo cha afya.

Kwa leo tunaishia hapa. Mwambie na jirani. Na hilo dramu lililo nje, hebu kalifunike kabla hujafanya jingine. Afya njema kwako na kwa watoto.